Mwaka Nilionyweshwa Maziwa

Shangazi Mwanaidi tulimzika Alhamisi, na kesho yake baada ya swala ya Ijumaa watu wakakusanyika nyumbani kwake, mtaa wa Asiatique hapa Bujumbura, kwa hitma. Mimi nilikaa ukumbini na wanawake. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na kupitia mlango huo nilimsikia mume wake, Bwana Rajabu, akiwaeleza wanaume wema wa marehemu. Alisema alikuwa mtu wa sala. Alisema hakuna mgeni aliyetoka kwake na njaa. Hayo ni kweli, na nilikuwa naitikia kimoyomoyo. Kisha akapaza sauti, kama wazee wanavyofanya masikio yakishachoka: "Na huyu Zuhura munamuona hapo ndani, Mwanaidi ndiye alimuponya. Mutoto alikuwa anakufa! Kulikuwa mwanamuke hapa uani anamutilia sumu mu chakula, kidogo kidogo, kila siku. Mwanaidi akajua. Akamufukuza ile murozi, akamunywesha mutoto maziwa mpaka sumu ikatoka yote." Wanaume wakaguna kwa kumshukuru Mungu. Wanawake wakanigeukia, wengine na machozi, wakinitazama kama ushahidi wa wema wa marehemu. Nikainuka na magoti yangu haya yanayouma, nikasimama mlangoni, nikasema: "Baba, apana. Hakukuwa sumu. Ile mwanamuke alikuwa na jina, aliitwa Godeliva, na hakunitilia kitu." Halafu nikasikia mtu nyuma yangu akisema kwa sauti ya huruma, "Huzuni imemuzidi, maskini," na mikono miwili ikanishika mabega ikanirudisha kwenye mkeka. Ikaanza dua. Sikungoja imalizike.

Sasa niko nyumbani kwangu na hasira haijatulia. Nimefikiri kwamba labda ni aibu, mtu mzima kama mimi, mwenye wajukuu, kumkasirikia maiti wa juzi. Lakini hasira hii ni ya zamani kuliko msiba. Nimeishi nayo, nimeolewa nayo, nimezaa nayo. Habari za wazazi wangu na sababu ya kuletwa Bujumbura naziacha pembeni, kwa kuwa hazihusiki. Nilikuja kumalizia lisé, yaani sekondari, nikapokewa na shangazi yangu, dada wa baba, na nilikuwa na afya ya punda. Hapo ndipo pa kuanzia.

Nyumba ile mbele ilikuwa butiki ya vitenge ya Bwana Rajabu, katikati ukumbi, nyuma jiko, na nyuma ya jiko ua mpana wenye vyumba vya wapangaji pande mbili na bomba moja la maji. Mimi nililazwa katika chumba cha stoo, katikati ya marobota ya vitenge yaliyopangwa, mengine hadi darini. Kilinuka rangi na wanga wa nguo mpya, harufu ambayo mpaka leo nikipita mbele ya duka inanifanya nivuke barabara. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao tu, na nyuma yake ndipo shangazi na mume wake walipopumzika baada ya chakula cha mchana. Kila walichosema nilikisikia. Chumba cha karibu na bomba alikaa Godeliva, mwanamke Mkristo wa makamo, mjane, mwenye mabega mapana na sauti ya kukaripia. Alipika nje ya mlango wake, akiuza chakula kwa vijana wa maduka na wachukuzi waliopanda kutoka bandarini: ugali wa muhogo, maharage yenye mawese, ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga na pilipili, mboga ya lengalenga. Shangazi hakupika mchana, alikuwa dukani, kwa hiyo alipatana na Godeliva kwamba nikitoka shuleni nile kwake. Nilikula pale kwenye benchi pamoja na wachukuzi, na nilipenda. Godeliva hakunibembeleza hata siku moja. Nikichelewa alisema, "We unafikiri mi ni mama yako?" huku akinifunulia sahani aliyoniwekea.

Lakini fahari ya nyumba ilikuwa maziwa. Bwana Rajabu alikuwa na rafiki mwenye ng'ombe huko milimani, na kila asubuhi yaliteremshwa maziwa katika bidoni, dumu la plastiki, yakachemshwa katika sufuria kubwa mpaka yakafunga utando wa njano. Mjini pale si kila nyumba ilikuwa na maziwa, na shangazi alitaka majirani wajue kwamba kwake yapo. Mimi nilikuwa nimekulia chai kavu. Nilipewa bilauri ndefu asubuhi kabla ya shule na nyingine alasiri, na shangazi alisimama mbele yangu mpaka nione chini ya bilauri. "Kunywa, mama. Wengine wanayatafuta, hawayapati." Alisema hivyo kwa mapenzi. Hilo nalo linanikasirisha, kwamba lilikuwa ni penzi.

Tumbo lilianza kabla mvua hazijakatika. Kwanza lilinguruma darasani, wasichana wakacheka. Kisha likawa linavimba jioni, gumu kama ngoma, na maumivu ya kusokota yakinifanya nijikunje juu ya marobota. Kisha nikawa natoka mbio kwenda chooni, mara nyingine katikati ya somo, mara nyingine nisiwahi. Nani anaandika mambo hayo? Watu wanaandika habari za mapenzi yao ya kwanza. Mimi mwaka wangu wa ujana ulipita katika choo cha shimo cha lisé, nimeziba mdomo kwa kiganja ili wenzangu nje wasisikie. Msichana anayeumwa kichwa anapewa pole. Anayeumwa tumbo anatazamwa kwanza tumbo, halafu macho.

Ua mzima ukawa hospitali, na kila aliyekuja kuteka maji alikuwa na dawa. Wa kwanza akasema ni vidonda vya tumbo, nikanyweshwa maji ya kabichi mbichi. Mwingine akaleta mushubiri, ukakatwa na kukamuliwa, uchungu wake ukakaa ulimini mpaka usiku. Nikala mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Nikala habasoda kwa asali. Nikanywa maji ya viazi vibichi, nikanywa umuravumba uliotwangwa, ule mti ambao hapa kwetu kila nyumba inaujua. Mimi sidharau majani, nisieleweke vibaya. Leo jikoni kwangu hakikosekani kipande cha tangawizi, nikihisi tumbo zito nachemsha, nakunywa, napata nafuu. Na papai bivu nalila kila ninapolipata. Ila siku zile kila dawa ilikuwa na mkia wake. Ilikuwa kali, basi lazima ipozwe, na kitu cha kupoza kilikuwa bilauri ya maziwa. Mushubiri, halafu maziwa. Habasoda, halafu maziwa. Dawa iliposhindwa, wakaleta kali zaidi, na maziwa yakaongezwa. Wakati huohuo nikakatazwa maharage, pilipili, mawese, ndagala, limau, kila chakula ambacho mwili wangu ulikuwa umekizoea tangu utoto. Kwa Godeliva nikawa naruhusiwa ndizi za kuchemsha na mboga tu, naye akawa anasonya akiniwekea. "Huyu mutoto wanamukaushia nini?" aliwauliza wachukuzi. Lilikuwa swali zuri. Ni yeye peke yake aliyeuliza.

Siku moja mchana, nimelala stoo, nikasikia nyuma ya mbao sauti ya shangazi, ya chini na nzito. "Mi naogopa ni mimba." Bwana Rajabu akauliza, "Ya nani?" Shangazi akasema, "Si anakula na wachukuzi?" Nilibaki nimekodolea macho vitenge. Kesho yake aliniita bafuni, akanivua, akanibonyeza tumbo kwa vidole vyake vyenye pete, akaniuliza siku zangu za mwezi huku ananikazia macho nisimdanganye. Nilimwambia ukweli. Akaangalia nguo zangu kwenye kamba, akahakikisha. Ndipo akapumua, akanifunika kanga, akanikumbatia kana kwamba mimi ndiye niliyempa habari njema. Kwa muda mfupi nilifikiri basi, mambo yamekwisha. Lakini mchana uleule, nyuma ya mbao, akasema: "Haiko mimba. Sasa kama haiko mimba ni nini?" Na Bwana Rajabu, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno machache, akajibu: "Basi ni ile kitu ingine." Hakuitaja. Hapa kwetu hatuitaji ovyo.

Mtu wa kuitaja alifika kwa meli ya mizigo kutoka Kigoma. Bwana Rajabu alikutana naye bandarini alipokwenda kutoa bidhaa zake. Watu walimwita Dokta Majani, na alitembea na begi la ngozi lililojaa vichupa na mizizi iliyofungwa kwa nyuzi. Alikuwa mtu msafi, mpole, mwenye kanzu iliyopigwa pasi. Aliketi ukumbini kwenye kiti cha Bwana Rajabu, akala pilau, akanawa, akasema Bismillahi, akanishika kifundo cha mkono na kufumba macho. Aliniuliza maumivu yanaanza saa ngapi. Nikasema alasiri kuelekea magharibi. Akauliza, "Na mchana unakula wapi?" Nikasema kwa Godeliva, hapo uani. Akafumbua macho, akamtazama shangazi, si mimi. "Mi sitaji mutu," akasema taratibu. "Mungu anamujua. Lakini hii ni sumu ya chakula. Ile ya kuua polepole." Hakuuliza asubuhi nakunywa nini. Hakuuliza saa kumi nakunywa nini. Bilauri yangu tupu ilikuwa mezani mbele yake, na utando wa maziwa ukikauka ndani, naye aliisogeza kando ili aweke begi lake. Dawa yake ilikuwa unga wa kijivu, wa kukorogwa katika maziwa mabichi, asubuhi, mchana na jioni. Kila mtu hapa anajua kwamba maziwa yanavunja sumu. Chakula kingine chochote, marufuku, isipokuwa ndizi ya kuchemsha bila chumvi.

Yaliyofuata nayaona kuliko ninavyoiona meza hii. Shangazi alitoka uani na kanga moja, hakujifunga hata kilemba. Ilikuwa saa ya chakula, wachukuzi wamekaa kwenye benchi na sahani mapajani. Godeliva alikuwa anasonga ugali. Shangazi alilipiga teke sufuria la maharage, likapinduka, mchuzi mwekundu ukatambaa mpaka kwenye bomba. "Murozi!" akapiga kelele. "We murozi! Unamuua mutoto wa kaka yangu!" Neno hilo, kwa asiyelijua, ni mtu anayelisha wenzake sumu, na katika mji huu hakuna tusi zito kuliko hilo. Mwizi anapigwa, anaomba msamaha, maisha yanaendelea. Murozi hasamehewi. Godeliva alisimama na mwiko mkononi, ugali ukidondoka. Hakulia. Alisema, "Mama Mwanaidi, mi nimemukosea nini huyu mutoto? Mi na yeye tunakula sufuria moja. Waulize hawa." Akaonyesha benchi. Vijana wale walikuwa wamekula kwake miaka, wengine kwa mkopo, wengine alikuwa amewauguza malaria. Mmoja akaweka sahani yake chini, nusu haijaliwa, akafuta vidole kwenye suruali. Kisha mwingine. Kisha wote. Wakatoka langoni, mmoja mmoja. Mimi nilitoka stoo nikijishika ukuta, nikasema kwa nguvu zote nilizokuwa nazo: "Shangazi, apana! Si yeye! Mi hata siku ile sijakula kwake, naumwa!" Shangazi akanigeukia, na uso wake ukabadilika, ukawa na huruma. "Munasikia?" akawaambia majirani. "Ile sumu ndiyo inasema. Murozi akishakushika, unamutetea." Niambie, mtu anajibu nini hapo? Nikinyamaza, nimekubali. Nikisema, ni sumu inayosema. Nimewahi kutukanwa katika maisha yangu, nimewahi kuachwa kituoni na mizigo yangu mvuani, lakini hakuna kilichonitia hasira kama kuporwa ulimi wangu mwenyewe mbele ya watu, kwa huruma. Kabla ya jua kuzama Godeliva alikuwa ameondoka na godoro lake kichwani.

Hapo ndipo nilipoanza kufa kweli. Maziwa mabichi mara tatu kwa siku, na ndizi zisizo na chumvi. Nilikonda mpaka sare ya shule ikawa inanizunguka, kisha shule yenyewe nikaiacha kwa kuwa sikuweza kutembea mpaka kona bila kutafuta choo. Ekzame ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule, ilifanywa nikiwa nimelala juu ya mkeka stoo. Niliwasikia wenzangu wakipita barabarani wakiimba, wamemaliza. Shangazi alikuja na bilauri. Nilipokunywa na kuharisha alisema, "Sumu inatoka, al-hamdulillahi." Nilipotapika alisema inatoka zaidi. Kila dalili ya kuumwa ilikuwa dalili ya kupona. Ukiingia katika hesabu ya namna hiyo hakuna mlango wa kutokea.

Mchukuzi mmoja, katika wale waliotoka langoni siku ile, alikuja dukani kubeba robota, akaniona nimekaa mlangoni kwenye jua. Alishtuka. Alisema kwa kunong'ona kwamba Godeliva yuko Kinama, mtaa wa pembeni mwa mji, karibu na kisima cha kanisa. Sijui kwa nini aliniambia. Labda naye dhamiri ilimla. Bwana Rajabu alikuwa safarini Kigoma, shangazi dukani na wateja. Nilivaa viatu, nikapanda basi dogo la Kinama. Nilitaka kitu kimoja: nimwambie Godeliva uso kwa uso kwamba mimi siamini. Nilimkuta nje ya chumba cha udongo, anafua nguo za watu kwenye beseni. Aliponiona hakufurahi. Aliruka kama aliyeona nyoka. "Toka hapa! Nani amekutuma? Toka!" Nikafungua mdomo niseme nililokuja kusema, nikaanguka. Nilipopata fahamu nilikuwa chini, kichwa kwenye fungu la nguo mbichi, na yeye amepiga magoti kando yangu, ananipiga mashavu, analia kwa hasira. "Mana yanje, Mungu wangu! Usifie hapa. Unasikia? Ukifia hapa kwangu wataniua mimi. Amka, mutoto wa watu, amka ukafie kwenu!"

Hakuweza kunirudisha, nisingefika. Hakuweza kuniweka, alikuwa anaogopa. Alichofanya sijawahi kukiona tena. Aliita majirani, wanawake wa kushoto na kulia, akawaketisha nje kwenye mikeka, akapika mbele yao: maharage yenye mawese na chumvi, lengalenga, ugali. Akapakua katika sahani moja. Akasema, "Muone wote kwa macho yenu." Akala yeye kwanza, matonge makubwa, akifungua kinywa chake wazi waone ameshameza. Akangoja. Kisha akanisogezea sahani. Nilikula huku nikitazamwa na macho ya watu wasionijua, wakingoja nife. Nilikula yote niliyokatazwa. Nikalamba vidole. Sikufa. Jioni tumbo likanguruma kidogo, likatulia, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nitoke kwetu.

Nilikaa pale wiki mbili na zaidi. Shangazi alipopata habari alituma neno kwamba murozi ameniita na nimeitika, sasa yeye amenawa mikono. Kwa hiyo nilikula maharage, viazi vitamu, ndagala, nikanywa chai kavu ya tangawizi, kwa sababu maziwa Kinama kwa Godeliva yangetoka wapi? Siku ya nne au ya tano niligundua kwamba sijavimba. Wiki iliyofuata niliteka maji mwenyewe. Msidhani Godeliva aligeuka malaika. Alinitumikisha. Nilichagua maharage, nilisuuza nguo, na alipokasirika alinitupia maneno. Alikuwa amejaribu kuuza chakula pale Kinama na habari zikamfuata. Watu walipita mbele ya sufuria lake wakiangalia upande wa pili. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni ya nguo za watu. Na jioni moja, tukimenya viazi, aliniambia: "Mi najua nani alikupa ile sumu. Ni ule shangazi yako." Nilimtazama. "Kwa nini?" nikauliza. "Mi najua?" akajibu. "Lakini kwangu unapona, kwake unakufa. Sumu iko kwake." Nilitaka kupiga ukelele. Hata yeye! Alikuwa amenyang'anywa chumba, kazi na jina kwa ajili ya neno moja, na neno lilelile ndilo alilokuwa nalo mkononi kunieleza dunia.

Niliporudi Asiatique, mashavu yamejaa, shangazi alinitazama muda mrefu mlangoni. Kisha akaingia jikoni akarudi na bilauri. Sikuwa na wazo lolote, nilikuwa na kiu, nikanywa. Kabla ya magharibi nilikuwa nimejikunja juu ya marobota, tumbo ngoma. Na pale, nimeuma kona ya kitenge ili nisilie, ndipo nilipolifikiria kwa mara ya kwanza. Kesho yake nilimwaga maziwa nyuma ya jiko. Sikuumwa. Keshokutwa vilevile. Siku iliyofuata nikanywa kwa makusudi, nikaumwa. Nikaenda dispanseri. Daktari alikuwa mama mwenye haraka, watu wamejaa koridoni. Nilimweleza yote. Hakuinua hata macho. "Matumbo ya watu wazima wengi hayawezi maziwa," akasema. "Acha maziwa. Ukitaka, jaribu mgando, kidogo kidogo. Kula chakula chako cha kawaida." Nikauliza, "Ni hivyo tu?" Akasema, "Ni hivyo tu. Mwite anayefuata." Mpaka leo ndivyo ninavyoishi: mgando kijiko kimoja kimoja, chai kavu, maharage niliyoyaloweka vizuri, na tumbo langu ni rafiki yangu. Nilitoka pale nikasimama kwenye jua. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilihesabu. Mwaka, ekzame, vidole vya shangazi vikinibonyeza bafuni, maharage yakitambaa mpaka kwenye bomba. Hivyo tu.

Nilikwenda Kinama kwanza. Godeliva alikuwa anaanika nguo. Nilimwambia kila neno la daktari. Alishusha shuka aliyokuwa ameishika. "Maziwa?" akasema. Nikasema ndiyo. "Mi walinifukuza juu ya maziwa?" Alicheka, mcheko mfupi, mkavu, kisha uso ukamkunjamana na akanitazama kwa chuki ya wazi, mimi, kana kwamba ilinipasa nimwachie adui mwenye heshima zaidi kuliko maziwa. "Na unakuya kuniambia mimi? Mi siku zote najua kama sikukupa kitu. Enda uwaambie wao. Enda ukasemee kulekule waliposema." Akanipa mgongo. Hakuniita tena, na nilipokwenda baadaye alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira, upande wa Kongo, kwa dada yake. Alifia huko. Habari nilizipata miaka mingi baadaye kwa mfanyabiashara aliyekuja bandarini, ofisini nilipokuwa naandika hati za mizigo. Alisema huko aliuza chakula, na watu walikula.

Nilimkuta shangazi ukumbini peke yake, anakunja vitenge. Nilimweleza. Nilijiandaa kwa kelele, kwa kuambiwa kwamba sumu inasema. Aliendelea kukunja mpaka akamaliza kipande, akakilaza juu ya vingine, akakinyoosha kwa kiganja. "Najua," akasema. Nikafikiri sikusikia vizuri. "Ile siku ulirudi kutoka Kinama umenona, nilijua kama haikuwa yeye. Nikakupa maziwa nione. Nikaona." Nikamwuliza kwa nini basi hakusema. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Niseme kwa nani? Watu wote hapa wanajua ni sumu. Unataka miye niende Kinama, nipige magoti mbele ya ile mwanamuke, kartié yote ya Asiatique inaona? Umepona. Mushukuru Mungu. Acha." Akachukua kipande kingine. Alikuwa na hofu, hilo niliona. Kipande kile alikikunja vibaya, akakikunjua, akaanza upya. Lakini alikuwa ameipima hofu yake na maisha ya Godeliva, akachagua. Aliishi na uchaguzi huo mpaka alipozikwa, akaacha mume wake ausimulie kama sifa.

Nilitoka uani. Wanawake wa vyumbani walikuwa kwenye bomba, wengine wanafua, wengine wanangoja zamu. Niliweka ndoo yangu chini, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani. Nikasema Godeliva hakunipa sumu. Nikasema hakuna aliyenipa sumu. Nikasema ni maziwa, daktari amethibitisha, nimejaribu mwenyewe, na shangazi anajua. Nilisema yote, sikuficha hata mambo ya chooni. Walinisikiliza, siwezi kuwasingizia. Waliacha kufua. Mmoja alishika mdomo. Maji yakawa yanafurika ndooni na hakuna aliyeyafunga. Nilipomaliza, mama mmoja mzee, ambaye siku ile ya sufuria alikuwa amesimama mlangoni kwake akiangalia, alinikaribia, akanishika mkono wangu kwa viganja vyake vya baridi, na macho yake yalikuwa na uchungu wa kweli. "Yoo, pole sana, mwanangu," akasema. "Kumbe Godeliva alionewa. Sasa, ni nani alikutilia hiyo sumu?"

Nilimtazama. Kisha nikafunga bomba, nikaanza kuwaeleza tena, tangu mwanzo.